Sikio la Baba Mkwe

Kama kijijini Kisondela, huko Rungwe, kulikuwa na kiziwi mwenye adabu kupita wote, basi ni Mzee Andongwisye, na adabu hiyohiyo nusura imhamishe kwake uzeeni. Walioisikia habari hii juujuu husema mzee alikuwa na roho mbaya. Waache waseme, hawakumjua.

Uziwi wake haukuwa wa kuzaliwa wala wa kulogwa, ingawa alikuwepo jirani aliyetaja uchawi, kama kawaida ya majirani. Aliupata kazini. Tangu ujanani alikuwa fundi wa mashine ya kusaga ya kijiji, injini kubwa ya dizeli iliyofungwa kwenye kibanda cha bati, na humo ndani alishinda miaka na miaka bila hata pamba ya kuziba masikio. Zilipokuja zama za ruksa, kila njia panda ikaota mashine ya mtu binafsi. Ile ya kijiji ikafa polepole, naye akarudi nyumbani kwenye migomba yake. Hapo ndipo alipogundua kwamba kelele zimekwisha na masikio nayo yamekwenda nazo. Mkewe, Anyelwisye, ndiye akawa sikio lake. Watu walisema na Anyelwisye, Anyelwisye akamgeukia mumewe akampigia ukelele mmoja wa haja, mambo yakaenda.

Kisha Anyelwisye akafariki. Mzee akabaki na mkamwana wake, Atuganile, mke wa mwanawe Lugano. Lugano mwenyewe alikuwa mtu wa barabarani, anapeleka ndizi Dar es Salaam kwa lori, leo yupo, kesho kutwa humwoni. Watoto walishinda shule. Kwa hiyo mchana kutwa mji ule wa nyumba moja ulikuwa na watu wawili tu, na watu wawili hao hawakuruhusiwa kutazamana.

Hapa asiye Mnyakyusa inabidi aelezwe. Kwa watu wa zamani wa huku, baba mkwe na mkamwana huheshimiana kwa kuogopana. Hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni, na mkamwana hatamki jina la baba mkwe hata akiwa peke yake shambani. Mkamwana akipita, mzee hugeuka akampa mgongo mpaka apite. Likiwepo neno la lazima, mkamwana atalisema akiwa nyuma ya ukuta, tena kwa kifupi. Siku hizi vijana wa mjini wanapeana mikono na wakwe zao na mbingu haijaanguka, hata kanisani wapo waliokwisha kulegeza. Andongwisye na Atuganile hawakulegeza. Usidhani walishikiwa fimbo na mtu. Ile ndiyo ilikuwa namna yao ya kupendana, na kila mmoja alijua kwamba mwenzake anaitunza kwa ajili yake.

Sasa, mzee mwenye masikio akishampa mkwe mgongo, atasikia nyayo zikififia, atajua wakati wa kugeuka. Andongwisye hakusikia nyayo. Akajitafutia dawa. Akimwona Atuganile anatokea migombani, anageukia ukuta wa baraza, anaimba moyoni wimbo mmoja wa kanisa, beti zote bila kuruka hata mmoja, ndipo anarudisha uso. Siku nyingine Atuganile alikuwa amepita zamani, moto umewaka, ndizi zinachemka, na mzee bado yuko ubeti wa tatu. Wajukuu walimcheka mpaka wakakatazwa.

Siku ya balaa mvua ilikuwa imetoka kunyesha, na mteremko unaoshukia barazani ulikuwa utelezi mtupu. Atuganile alikuwa anashuka na mkungu wa ndizi kichwani. Mzee akamwona, akageuka haraka, akaanza wimbo wake. Nyuma yake mguu wa Atuganile ukateleza, mkungu ukaenda upande wake, yeye upande wake, na mfupa wa chini ya goti ukavunjika. Akaita. Jina hawezi kulitaja, hata hapo alipo hakulitaja, aliita Baba, Baba, mpaka sauti ikamkauka. Mzee akamaliza wimbo, akageuka kidogo tu, kwa pembe ya jicho akaona upindo wa kitenge bado upo palepale. Akadhani mkamwana ameinama anaokota kuni. Akaona aibu kwa kuharakisha, akageukia ukuta tena, na safari hii akachagua wimbo mrefu zaidi.

Hivyo ndivyo Hezron alivyowakuta. Hezron alikuwa jirani yao na mzee wa kanisa, alikuja kuazima jembe. Akamkuta mwanamke analia matopeni na baba mkwe amekaa hatua chache tu kutoka pale, katulia, kampa mgongo. Jioni ile Kisondela nzima ilijua kwamba Andongwisye amemwacha mkamwana wake agaegae kama hajamwona. Mzee alipokuja kuelewa kilichotokea, alikaa kitandani na hakula. Ilimuuma vibaya sana. Mtu aliyemheshimu kuliko wote duniani ndiye aliyemwita akakosa kuitikiwa.

Hellen akaja. Huyu ni binti mkubwa wa mzee, mwalimu wa Mbeya, mtu mzuri lakini akishaamua jambo ameamua. Akasema baba atahamia kwake, basi, hakuna cha kijiji tena, hatawaacha kiziwi na mgonjwa wa mguu wakitazama kuta. Lugano, ambaye safari hiyo alikuwa nyumbani, akainamisha kichwa. Hezron akatoa wazo lake: kwa nini hawa wawili wasiachane na mwiko, Atuganile amsogelee mzee, amtazame usoni, ampigie kelele sikioni kama alivyofanya marehemu? Mbona wengine wameacha? Atuganile akajibu kutoka nyuma ya ukuta kwamba hawezi, macho yake hayatainuka. Mzee alipoandikiwa jambo hilo kwenye ubao wa mjukuu, akatikisa kichwa. Akasema watu wameshasema kwamba alimwacha matopeni. Leo akianza kumkodolea macho, atakuwa amemnyang'anya hata kile kidogo alichokuwa anampa.

Kuhamia Mbeya hakutaka. Kaburi la Anyelwisye lilikuwa pale kando ya nyumba, na kila asubuhi, akitoka nje, jambo la kwanza alikuwa anasimama hapo. Migomba yake alikuwa anaijua mmoja mmoja. Mbeya angekuwa mgeni wa binti yake mpaka afe.

Aliyewatoa hapo ni muuguzi, na wala hakuwa mtu wa huku. Atuganile alikuwa amefungwa hogo la plasta mguu mzima, na kila walipompeleka hospitali ya misheni mzee alifuata, akakaa mbali chini ya mti, kampa mgongo. Muuguzi mmoja, Generosa, mtu wa Bukoba mwenye maneno mengi, akauliza yule babu amemnunia nani. Akaelezwa. Akasema ah, kumbe ni masikio tu, mbona watu wa masikio wapo wiki hii hii kutoka Mbeya, mleteni.

Wakampima, wakakuta masikio hayajafa yote, yamechoka. Wakamjaza nta laini kwenye tundu la sikio kuchukua umbo lake, na baadaye kikaja kifaa chenyewe, kidogo, cha rangi ya ngozi, kinakaa nyuma ya sikio na kamrija kake kanaingia ndani. Generosa akamwashia. Kitu cha kwanza Mzee Andongwisye alichosikia ni kiti cha chuma kikiburuzwa sakafuni, akaruka. Cha pili ni pumzi yake mwenyewe. Akabaki amefumbua macho, anapumua na kujisikiliza, machozi yanamtoka na wala hayafuti.

Generosa akawapa masharti yote. Hakitarudisha ujana, wasitegemee hivyo. Siku za mwanzo kila kitu kitakuwa kelele kwa sababu ubongo umesahau kuchagua, kwa hiyo avae kidogo kidogo mahali patulivu, kisha azidishe, lakini avae kila siku. Asikilowanishe, na usiku kikae kwenye kopo lenye mchele mkavu, maana unyevunyevu wa huku ni adui yake. Mwisho akawageukia ndugu akasema lililo muhimu kuliko yote ni kumtazama babu usoni mnaposema naye. Ikabidi Hezron, aliyekuwa amewasindikiza, amkumbushe ule mwiko. Generosa akafikiri kidogo, akasema basi mashine hii itafanya kazi mbili, ya masikio na ya macho, Mungu aisaidie.

Wakakubaliana na Hellen hivi: mzee atajaribu. Hellen atakuja tena kipupwe kikiisha. Akimkuta anasikia, atabaki kwake. Akimkuta kama alivyokuwa, begi litafungwa siku hiyohiyo. Mzee akakubali, na alikuwa mtu wa neno lake.

Mwanzo ulikuwa mateso matupu. Mvua ya Rungwe juu ya bati ilimfanya akimbilie kitandani na kujifunika. Kuku aliokuwa anawapenda akatamani wachinjwe. Akitafuna, anasikia taya zake kama mtu anatembea kwenye changarawe. Mara kadhaa alikitoa akakitazama kwa chuki, kisha anaukumbuka ule upindo wa kitenge pale matopeni, anakirudisha. Polepole kelele zikaanza kujipanga. Maji yakawa maji, mlango ukawa mlango. Siku moja akiwa ameupa ukuta uso, akasikia gongo la kutembelea la Atuganile likipita nyuma yake, kok, kok, likienda, likififia jikoni. Akageuka kwa wakati wake, bila wimbo. Alifurahi, akatamani kumwambia mtu, na mtu hakuwepo.

Halafu ukaja ukuta wa jiko. Jiko la mji ule lilipakana na chumba cha mzee, na jioni watoto wakirudi shule walikaa humo na mama yao. Mzee alikuwa amejilaza, mashine sikioni, akasikia sauti ya mwanamke inaiga sala ya Hezron. Ni Hezron mtupu, na kukohoa kwake, na kuwaombea viongozi wote mmoja mmoja tangu wa shina mpaka wa taifa, huku maharage ya wenyeji yanaungua jikoni. Watoto walikuwa hoi. Kisha sauti ikawa Generosa akimjaza babu nta. Kisha ikawa mwenye duka mmoja wa stendi ya Tukuyu akiapa kwamba mtumba wake ni mpya.

Jamani, yule ni Atuganile! Miaka yote ile mzee alikuwa anawaambia watu kwamba mkamwana wake ni mtu wa kimya, na watu walikuwa wanamtazama kwa mshangao, naye akidhani wanaona wivu. Kumbe ana mcheshi ndani ya mji wake na hajui. Kumbe Anyelwisye alipokuwa anatoka jikoni akipangusa macho, halikuwa jambo la moshi. Akalala pale akisikiliza jioni moja, jioni ya pili, hata hataki kugeuka ubavu asije akapoteza neno. Jioni ya tatu Atuganile akamwigiza yeye mwenyewe, baba mkwe ubetini, anavyogeukia ukuta na kumuuliza ukuta hali. Mzee akashindwa. Akacheka kwa sauti, kicheko kikubwa cha mtu ambaye hakucheka tangu msiba.

Upande wa pili wa ukuta mwiko wa kupikia ulianguka. Hata watoto hawakupumua.

Siku iliyofuata jiko lilikuwa kimya, na iliyofuata pia. Mzee akadhani betri imekwisha, akaweka mpya. Akakifunika kifaa kwa kiganja, kikapiga mluzi kama Generosa alivyosema kitafanya kikiwa kizima. Kilikuwa kizima. Nyumba ndiyo ilikuwa imekufa. Atuganile alisema na wanawe kwa kunong'ona, sufuria zilitua taratibu kama za mgeni, na jirani mwanamke akija kupiga soga alivutwa kando mpaka migombani. Ilimchukua mzee muda kuelewa, lakini alielewa. Mwanamke yule alikuwa amekatazwa macho, amekatazwa jina, amekatazwa baraza. Kitu kimoja tu alikuwa nacho chote, mdomo wake, na alikuwa nao kwa sababu baba mkwe hasikii. Sasa baba mkwe anasikia. Binti wa watu hana pa kupumulia.

Mzee Andongwisye akakaa na jambo lile. Mwingine angesema shauri yake, mimi nimepata masikio yangu. Yeye akakitoa kile kifaa, akakifuta, akakiweka kwenye kopo la mchele na kufunika. Asubuhi akakaa barazani, na Atuganile alipotokea akampa mgongo kama siku zote, ila safari hii akainamisha kichwa upande mmoja, kofia kaisogeza, ili anayepita nyuma alione vizuri sikio kwamba ni tupu. Akafanya hivyo kesho yake na keshokutwa. Jioni ya siku hiyo aliwaona watoto wakitoka jikoni wameshika matumbo. Hakusikia kitu. Akashukuru Mungu, na palepale akasononeka, kwa maana alikuwa anaujua utamu wa kile anachokikosa, jambo ambalo zamani hakulijua.

Kipupwe kikaisha, Hellen akaja. Alipiga hodi nyuma ya baba yake, akapiga tena, akamwita, akamshika bega ndipo mzee akashtuka. Hellen akaliona sikio tupu, akapandwa na hasira. Akamzunguka, akamuuliza usoni, kwa mdomo mpana, mashine iko wapi. Mzee akamjibu kwamba ipo na ni nzima. Sasa kwa nini hukuivaa, Baba?

Viziwi hawajui siri, sauti yao huwatoka yote. Mzee alidhani anamnong'oneza bintiye, kumbe mji mzima unasikia.

"Nikiivaa, mke wa Lugano hacheki," akasema. "Bora nihame mimi kuliko yeye anyamaze."

Maneno yale yalimgusa Hellen. Lakini mapatano yalikuwa mapatano, na baba aliyeuacha usikivu kwa hiari ni hatari kuliko kiziwi wa kawaida. Akaingia ndani, akafunga begi. Shati, suruali za kanisani, blanketi. Mzee hakubisha. Aliomba tu aende kwanza kando ya nyumba, akasimama pale kaburini akiwa amevua kofia, akarudi, akakaa barazani kusubiri. Alikuwa analia na hakujificha.

Mlango wa jiko ukafunguka. Atuganile akatoka kinyumenyume. Kitenge kajifunika kichwa kizima, mguu mmoja bado unachechemea, anakuja mgongo mbele, akipapasa njia kwa kisigino, mpaka akafika barazani ambako mkamwana hafiki. Hellen alikuwa ametoka na begi mkononi. Mzee, alipoona kivuli cha kitenge, alikuwa ameshageukia ukuta kwa mazoea. Hellen akabaki katikati ya migongo miwili, hajui amtazame nani.

"Wifi," Atuganile akasema, "mpe kwanza sikio lake."

Kulikuwa na kitu katika sauti ile kilichomfanya mwalimu wa Mbeya atii kama mwanafunzi. Akaweka begi chini, akalileta kopo, akapangusa vumbi la mchele, akamvalisha baba yake. Kifaa kikapiga mluzi, kikatulia. Mzee akabaki na uso ukutani, mikono magotini. Atuganile akasema, na hakusema kwa kifupi.

"Baba, nilinyamaza kwa aibu, sikunyamaza kwa kukuchoka. Mimi ni mtu wa maneno, sasa umejua. Lakini siku ile pale matopeni nilikuita mpaka sauti ikakauka, na sitaki nikuite tena usinisikie. Ivae. Nitasema yangu yote kama kawaida, na ukitaka kucheka, ucheke. Ila usiondoke. Mama aliniachia wewe, hakuniachia nyumba tupu."

Mzee Andongwisye hakugeuka. Alivuta pumzi, akaiachia. Kwa maisha yake yote ya ukwe hakuwahi kumjibu mkamwana neno moja kwa moja, kila siku lilipita kwa marehemu au kwa watoto.

"Nimekusikia, mwanangu," akauambia ukuta, kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayejisikia mwenyewe. Kisha akanyoosha kidole kuelekea mlangoni. "Hellen, rudisha hilo begi ndani. Mwenye nyumba ameshasema."